Mizani Pale Dikoni

Msikilizaji, pweza jike hutaga mara moja tu maishani mwake. Hujichimbia ndani ya tundu kwenye mwamba, akayalinda mayai yake bila kula, na yakishaanguliwa naye hufa. Vitoto vyake huelea baharini kwa wiki kadhaa kabla ya kutua kwenye mwamba, pengine mbali na alipozaliwa mama yao. Uhai wote wa pweza huyu wa miamba yetu ni mwaka mmoja hivi, au zaidi kidogo.

Elimu hiyo inaonekana ndogo. Lakini juu yake imejengwa mojawapo ya njia bora za kulinda bahari katika ukanda wetu huu: kufunga mwamba. Kijiji kinakubaliana, sehemu ya mwamba inawekewa alama, na kwa miezi miwili mitatu hakuna anayechokoa pweza pale. Kwa kuwa pweza hukua upesi mno, muda huo mfupi unatosha kumwongezea uzito maradufu na zaidi. Kisiwa Panza kule Pemba wamefanya hivyo. Songosongo, Kilwa, wamefanya hivyo pia.

Mfano ulioenea ulitoka Andavadoaka, kijiji cha wavuvi wa Kivezo kusini-magharibi mwa Madagaska, ambako mwamba wa kwanza ulifungwa mwaka 2004. Siku ya kufungua watu walifurika, na faida ikagawanyika vipande vidogo vidogo. Wangeweza kukata tamaa pale pale. Kilichowaokoa ni kwamba pweza walikuwa wakipimwa. Mmoja mmoja aliwekwa kwenye mizani, akaandikwa uzito wake, ni jike au dume, alivuliwa wapi, siku gani. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka, na wenyeji wenyewe ndio walioshika kalamu. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya mara 36 ambazo miamba ilifungwa kwa nyakati mbalimbali: katika mwezi uliofuata kufunguliwa, mavuno yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Na kipato kitokanacho na pweza hakikushuka sana wakati mwamba umefungwa, kwa sababu watu waliendelea kuvua kwingine.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo ninapoiona thamani ya utafiti. Madagaska iliweka sheria mwaka 2005 kwamba pweza asiyefika gramu 350 asivuliwe. Ni sheria njema. Lakini watafiti waliopasua pweza na kuchunguza mayai waligundua kwamba jike huko hukomaa akiwa na zaidi ya kilo 2. Yaani mvuvi anaweza kuitii sheria kila siku ya Mungu, asivue hata kitoto kimoja, na bado majike wakaisha kabla ya kutaga. Hakuna jicho la mzoefu ambalo lingeliona hilo kwa kumtazama tu pweza aliyening'inia kwenye kamba. Ilibidi apimwe, apasuliwe, na wenzake mamia wapimwe vilevile.

Wapo wanaosema wazee wetu waliijua bahari bila maabara. Kweli waliijua, na mtafiti mwenye busara huanza kwa kuwauliza. Ila bahari waliyoijua wazee haikuwa na wanunuzi wa kiwandani wanaongojea na barafu ufukweni, wala haikuwa imepitia joto la mwaka 1998 lililoua matumbawe mengi tangu Kenya hadi Msumbiji. Mambo yamebadilika ndani ya kizazi kimoja, na mabadiliko ya namna hiyo hujulikana tu pale ambapo mtu ameandika hali ya jana.

Kuna jambo jingine ambalo mizani peke yake huweza kulificha, nalo linaniuma. Mwamba unapofunguliwa siku ya bamvua, wanawake wanaochokoa kwa miguu huja na mchokoo mkononi wakisubiri maji yatoke. Wanaume wenye miwani ya kuzamia hawana haja ya kusubiri. Jumla ya kilo ikiwa kubwa, kijiji kitatangaza mafanikio, hali walioacha mwamba wao kwa miezi mitatu wamerudi nyumbani na pweza wawili. Kwa hiyo daftari lisilo na safu ya kuonyesha nani alivua nini halitoshi.

Taasisi zetu za utafiti, Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, zina watu wenye ujuzi huu. Kinachokosekana mara nyingi ni fedha ya kazi ya kila siku isiyo na mvuto: mizani, daftari, posho ya kijana wa kupima. Mradi ukimalizika, upimaji nao hukoma, na takwimu huondoka na mgeni. Naziomba halmashauri ziitengee kazi hiyo fungu katika ushuru zinaoukusanya dikoni. Na kamati yoyote inayopanga kufungua mwamba bamvua lijalo ihakikishe mpimaji yupo, analipwa, na hesabu zake zinasomwa mbele ya wanakijiji wote, wanawake wakiwamo, kabla ya kupangwa tarehe ya kufunga tena.