Udongo wa Coon Rapids na Somo la Amani

Wasikilizaji, sehemu kubwa ya mji wa Coon Rapids, jimboni Minnesota, imekaa juu ya mchanga ulioachwa na barafu iliyoyeyuka zama za kale. Mchanga hupitisha maji upesi. Mbolea ikizidi, huzama hadi kwenye maji ya visima. Jimboni humo mtaalamu wa udongo hupewa leseni, sawa na mhandisi.

Chama cha kitaifa cha wataalamu hao kiliasisiwa mwaka 1936. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, akiwa Amani, Tanganyika, alieleza jinsi udongo unavyobadilika kutoka kilimani hadi bondeni, akauita mfuatano huo katena, yaani mnyororo. Wamarekani wangali wanalitumia neno hilo.

Mwafrika Mashariki apandaye sukumawiki huko na apime udongo kabla ya kutia mbolea.