Nani Amemtatiza Nani?



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya matumizi ya lugha kazini. Jambo hilo ni pana na muda tuliopewa ni mfupi. Kwa hiyo nimechagua kitenzi kimoja tu, nacho ni kutatiza. Huenda baadhi yenu mkajiuliza kama kitenzi kimoja chatosha kuwakusanya watu wazima. Nawaombeni subira, kwani nakusudia kuonyesha kwamba namna tunavyokiweka kitenzi hiki katika sentensi yaweza kumpatia mwananchi haki yake, au kumzungusha.

Tuanze na asili yake. Shina la neno hili ni tata, lenye maana ya kufungamana ovyo, kama uzi. Mvuvi akikuta mshipi wake umetatana hawezi kuvua mpaka autatue. Kutokana na shina hilo tumepata tatiza, tatana, tatanisha, tatizo na utata. Tena tumepata tatua na utatuzi. Itazameni ile -ua ya mwisho. Ndiyo iliyomo katika funga na fungua, fumba na fumbua, kunja na kunjua. Lugha yenyewe, basi, yatufundisha kwamba lililotatizwa laweza kutatuliwa, na kwamba tatizo na utatuzi ni watoto wa mama mmoja.

Kitenzi hiki kina majirani, na yafaa tusiwachanganye. Kushangaza ni kumfanya mtu astaajabu, hata kama jambo lenyewe ni jepesi: "Ukarimu wao ulinishangaza." Kukanganya ni kumpoteza mtu kwa maneno au mambo yanayopingana: "Matangazo mawili yenye tarehe tofauti yaliwakanganya wazazi." Kuduwaza ni kumwacha mtu ameganda, hana la kusema: "Habari za msiba zilituduwaza." Kubabaisha ni kutoa majibu yasiyo na kichwa wala miguu, aghalabu ili kuficha udhaifu: "Karani alibabaisha alipoulizwa faili liko wapi." Ama kutatiza ni kumweka mtu mbele ya kifundo asichojua pa kuanzia kukifungua: "Swali la tatu liliwatatiza wanafunzi."

Ndugu walimu, isimamieni kidogo sentensi hiyo ya mwisho. Ina mtendaji, ambaye ni swali. Ina watendwa, ambao ni wanafunzi. Kiambishi -wa- ndani ya kitenzi chatuambia kwamba kuna watu waliopatwa na jambo hilo. Mwanafunzi akiandika "Nimetatiza" hali yeye ndiye asiyeelewa, amejigeuza kuwa chanzo cha tatizo. Alipaswa kuandika "Nimetatizwa na swali hili" au "Nimetatizika." Na hizo mbili nazo hazilingani. Ya kwanza yataja kilichomtatiza. Ya pili yaeleza hali yake tu na kukinyamazia chanzo. Mwanafunzi akiizoea hiyo ya pili peke yake, amezoea kusema kwamba mambo hutokea bila ya mwenye kuyafanya. Siku moja ataajiriwa, na mazoea hayo ataingia nayo ofisini.

Hapo ndipo nawageukia ninyi, ndugu watumishi. Namkumbuka mama mmoja mjane aliyenijia na barua mkononi. Alikuwa akifuatilia mafao ya marehemu mumewe, na ofisi moja ilikuwa imemwandikia hivi: "Imeonekana kuna utata katika madai yako. Utajulishwa." Barua ilikuwa na mhuri na sahihi, na kila neno lilikuwa la Kiswahili sanifu. Mama yule alikuwa amekwisha kwenda mara tatu kuuliza utata huo ni upi. Kila mara alijibiwa kwamba suala lake ni la kutatanisha, awe na subira.

Ukweli ulipojulikana, kifundo chenyewe kilikuwa herufi moja. Jina lake katika cheti cha ndoa lilipungua herufi hiyo, na katika fomu ya madai lilikuwa nayo. Barua ingeweza kuandikwa hivi: "Tofauti ya jina lako kati ya cheti cha ndoa na fomu ya madai inatutatiza. Tafadhali lete hati ya kiapo." Linganisheni. Katika sentensi hii kinachotatiza kimetajwa, nacho ni tofauti ya jina. Waliotatizwa wamekiri kuwa ni wao wenyewe, ofisi. Na njia ya kutatua imeonyeshwa. Katika barua ya awali hakuna aliyetatiza wala aliyetatizwa. Kuna utata tu, uliotanda kama ukungu, na mjane akautembea kwa miguu.

Je, mwandishi wa barua ile alikuwa mtu mbaya? La hasha. Nadhani aliamini kwamba barua ya serikali hupata uzito ikiwa haina mtu ndani yake. Imani hiyo hatuna budi kuing'oa.

Mwaka 1967 Serikali ya Tanzania iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Shabaha ilikuwa mwananchi aelewe anachoambiwa na wale wanaomtumikia. Zamani mtu aliyeshindwa kuelewa barua ya ofisi aliweza kusema kwamba imeandikwa kwa lugha ya kigeni. Leo anaisoma barua yote, neno kwa neno, naye abaki nje ya mlango. Huyu amefungiwa kwa lugha yake mwenyewe, na uchungu wake ni mkubwa zaidi.

Nawapeni kazi ndogo. Walimu, mnapofundisha kitenzi hiki msiridhike na sentensi iliyo sahihi tu. Mwulizeni mtoto: nani amemtatiza nani, kwa jambo gani, na litatuliwe vipi? Watumishi, kabla ya kutia sahihi barua yenye neno utata, jiulizeni maswali hayo hayo. Jibu likikosekana, barua haijawa tayari. Nanyi mlio wakuu wa idara, barua ya namna hiyo ikiletwa mezani, irudisheni kwa aliyeiandika.

Wazee walisema, "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua." Fumbo lina mahali pake: barazani, katika ushairi, na katika mazungumzo ya jioni. Huko anayefumbiwa huingia kwa hiari yake na kufurahia kuligangua. Lakini mwananchi aliyekuja kudai haki yake hakuja kushindana mafumbo nasi. Amekuja na uzi uliotatana, akitumaini kwamba sisi ndio wenye vidole vya kuutatua. Tusimrudishie ukiwa na kifundo kingine.