Bomba Bila Chanzo ni Chuma Kitupu



Kila ufikapo uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa tarehe 27 Novemba, 2024, mgombea hana budi kulizungumzia suala la maji. Ni haki. Lakini ahadi ya bomba peke yake haitoshi, na historia yetu ni shahidi.

Mwaka 1971 Serikali ya TANU ilianza mpango wa miaka ishirini wa kuwapatia maji wananchi wote wa vijijini. Visima vilichimbwa na pampu zikafungwa. Hata hivyo, mafuta na vipuri vilikosekana, wanakijiji hawakushirikishwa vya kutosha, na miradi mingi ikafa. Mwaka 1991 ulifika, lengo halijatimia.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, ulihesabiwa kuwa na watu 2,140,497 mwaka 2022. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha Euro milioni 102.7 kwa mradi wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria Busega, Bariadi na Itilima, kisha Maswa na Meatu. Haki ya kuyatumia maji hayo ilipiganiwa. Mkataba wa 1929 baina ya Uingereza na Misri uliifanya Misri kuwa mwenye kauli juu ya maji ya Nile na maziwa yake. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alikataa Tanganyika huru ifungwe na mkataba wa kikoloni.

Wapo wanaouliza: kwa nini tusiondoe chumvi katika visima vya Meatu, kama nchi za Ghuba zifanyavyo kwa maji ya bahari? Nchi hizo hazina ziwa la maji baridi. Zina mafuta na gesi. Mitambo hiyo hula nishati nyingi, na huacha maji machungu yenye chumvi kali ambayo lazima yamwagwe mahali. Yakimwagwa malishoni, tutakuwa tumetibu jicho kwa kutoboa sikio.

Sasa tuutazame Mto Simiyu. Unatoka upande wa Serengeti na kumwaga maji yake katika ziwa lile lile tunalolitegemea. Anayelima hadi ukingoni hupeleka udongo ziwani, nasi tutalipia dawa na umeme wa kuusafisha. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Wasukuma walijua hekima hii kabla ya sheria: waliweka ngitili, malisho yaliyofungwa hadi kiangazi. Mradi wa HASHI, kuanzia 1986 hadi 2004, ulizifufua ngitili katika Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo Bariadi ilikuwa sehemu yake, na miti ikarudi.

Ndugu zangu, mwenyekiti wa kijiji ndiye humwona mvamizi wa kwanza wa ukingo. Akinyamaza kwa kuwa mvamizi ni mpiga kura wake, hakuna waziri atakayeuokoa mto. Basi tuwaulize wagombea, wa Chama chetu wakiwa wa kwanza: nani atalinda mita 60? Fedha za maji zitasomwa lini mbele ya mkutano wa kijiji? Ngitili ipi itabaki?

Asiye na jibu la maswali hayo hajatuahidi maji. Ametuahidi chuma kitupu.