Boniface Ngulinzira: Waziri Aliyerudi Nyumbani na Mkataba



Nimeombwa nizungumzie usuluhishi. Badala ya kuanza na sheria, nitaanza na mtu mmoja. Alikuwa Mnyarwanda, lakini kazi kubwa ya maisha yake aliifanya mkoani kwetu. Nasema mkoani kwetu kwa sababu Manyara ilizaliwa mwaka 2002. Kabla ya hapo wilaya zetu za Mbulu na Hanang zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha, na mtu wa Katesh au Dongobesh aliyefuata shughuli zake makao makuu ya mkoa mwaka 1992 aliufikia mji ambao wajumbe wa Serikali ya Rwanda na wa chama cha waasi cha RPF walikuwa wanabishania namna ya kuimaliza vita iliyoanza Oktoba 1990.

Ujumbe wa serikali uliongozwa na Boniface Ngulinzira. Alikuwa Mhutu wa kaskazini mwa Rwanda, mwanachama wa MDR, chama cha upinzani, na alipewa Wizara ya Mambo ya Nje Aprili 1992, vyama vya upinzani vilipoingia katika serikali ya mseto. Kwa hiyo alikuja Arusha kuzungumza kwa niaba ya rais ambaye chama chake kilikuwa kinampinga. Mbele yake walikaa RPF, ambao msemaji wao mkuu alikuwa Pasteur Bizimungu. Katikati ilikaa Tanzania: Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa msuluhishi, na Balozi Ami Mpungwe akiyasimamia mazungumzo siku kwa siku.

Makubaliano ya kusimamisha vita yalitiwa saini 12 Julai 1992. Agosti ikafuata itifaki ya utawala wa sheria. Kisha wakafika penye mfupa: nani atakaa kwenye kiti gani. Tarehe 9 Januari 1993 walikubaliana viti 21 vya baraza la mawaziri. MRND, chama cha Rais Juvénal Habyarimana kilichokuwa kimetawala peke yake kwa miaka mingi, kilipata viti 5. RPF nao walipata 5. Vilivyobaki viligawanywa kwa vyama vingine.

Tuitazame hesabu hiyo kwa jicho la mtu aliyekuwa Kigali. Mkubwa aliyezoea kuwa na vyote aliambiwa achukue vitano. Baadaye ikaja ya jeshi: jeshi jipya pamoja na askari wa usalama wa ndani liwe na watu 19,000 tu, serikali itoe asilimia 60 na RPF asilimia 40, na vyeo vya maofisa vigawanywe nusu kwa nusu. Maelfu ya vijana waliobeba bunduki wangerudishwa kijijini mikono mitupu. Mezani Arusha hiyo ilikuwa haki. Kambini Kigali ilisikika kama kufukuzwa.

Lawama zikamwangukia mjumbe. Tayari Novemba 1992 Rais mwenyewe, akihutubia Ruhengeri, alikuwa ameyaita makubaliano yaliyokwisha kufikiwa Arusha makaratasi tu. Fikirini, wazee wangu: umemtuma mtu mnadani akuuzie ng'ombe, naye bado yuko mnadani anapatana bei, wewe unawatangazia majirani kwamba bei yake huitambui. Ukishafanya hivyo, kila mwenye hasira naye amepata ruhusa ya kumfanyia mjumbe wako atakalo. Wiki chache baada ya itifaki ya Januari, Watutsi waliuawa kaskazini-magharibi. Tarehe 8 Februari RPF wakashambulia. Waliosema Ngulinzira ameiuza nchi wakapata la kushikilia.

Julai 1993 MDR iligawanyika, serikali ikabadilishwa, naye akaondolewa. Mkataba wa Amani wa Arusha ulipotiwa saini tarehe 4 Agosti 1993, waziri wa mambo ya nje alikuwa mwingine. Alibaki raia wa kawaida, jina lake likiwa linajulikana na kila aliyeuchukia mkataba ule.

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Habyarimana, aliyekuwa anarudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Kesho yake walianza kuuawa viongozi waliotarajiwa kuutekeleza mkataba, akiwemo Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana. Ngulinzira na familia yake walikimbilia shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, walikokuwa wamepiga kambi askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Kiasi cha watu elfu mbili walijazana pale. Tarehe 11 Aprili askari wale waliamriwa kuondoka. Magari yalipotoka watu waliyakimbilia, wengine wakajilaza barabarani kuyazuia. Hayakusimama. Waliobaki walijaribu kwenda Uwanja wa Amahoro, wakazuiwa njiani, wakaswagwa hadi kilima cha Nyanza, wakauawa huko. Ngulinzira aliuawa siku hiyohiyo.

Mmoja wa viongozi wa wanamgambo wa Interahamwe, Georges Rutaganda, alishtakiwa pamoja na mengine kwa mauaji ya ETO na Nyanza. Alihukumiwa kifungo cha maisha Desemba 1999, na mahakama ya kimataifa iliyomhukumu ilikaa Arusha, katika jengo la AICC, mji uleule ambao Ngulinzira alikuwa amekesha akitafuta amani. Kila nipitapo pale nalikumbuka jambo hilo, na huniuma.

Kwa nini nimewaletea habari hii ninyi? Kwa sababu mjumbe wa namna hii namfahamu hapa kwetu. Ni mzee anayetumwa na wakulima kwenda kukubaliana na wafugaji juu ya mapito ya ng'ombe, au anayetumwa na wafugaji juu ya shamba lililolimwa hadi kwenye kisima. Anashinda chini ya mti, anaachia hatua kadhaa ili apate maji, anarudi jioni amechoka. Nimemwona mzee wa aina hiyo akipokelewa na swali moja tu: umekula shilingi ngapi? Swali hilo lilitoka kwa watu wa nyumba yake, walewale waliomtuma.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetupa baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Ni jambo jema sana. Lakini hata baraza zuri haliwezi kumlinda mjumbe ambaye waliomtuma wamemkana.

Basi naomba tusiondoke hapa kabla hatujakubaliana hili. Mpaka ukishawekwa, mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano, mapatano yasomwe yote kwa sauti, yakiwemo yale tuliyoyaachia, na wazee wa pande zote mbili wakae mbele pamoja. Mwenyekiti asimame aseme mbele ya watu wote: hawa tuliwatuma sisi, na walichokubali tumekikubali.