MBONA TWAJAZA VITANDA VYA HOSPITALI?

Hotuba iliyosomwa na Katibu Mwenezi mbele ya wanachama na wananchi, Mnero, Nachingwea



Nimeitwa niseme habari za Chama, nami nitazisema. Lakini leo nitazipitishia hospitalini. Hapa Mnero hakuna haja ya kumweleza mtu hospitali ni nini. Iko kati yetu, na wagonjwa huijia kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa miguu. Nadhani hakuna nyumba hapa ambayo haijapata kukaa nje ya wodi na sufuria ya uji, ikingoja mtu wake. Basi nauliza neno moja tu: mtu hulazwa kwa sababu gani?

Daktari ataandika katika daftari lake: malaria, nimonia, kuharisha, upungufu wa damu, uzazi, ngiri, kuungua moto. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ni mwisho wa habari. Mwanzo wake uko huku vijijini, na huku vijijini ndiko Chama kiliko.

Nitatoa mfano wa nyumba yetu, nisije nikaonekana nawasema watu wa nyumba nyingine. Mwaka 2005, nikiwa mtoto wa miaka minane, mdogo wangu wa kike alishikwa na homa wakati wa masika. Siku ya pili akakakamaa, macho yakageuka. Wakubwa wakasema: hii ni degedege, na degedege haitaki sindano, mtoto akichomwa atakufa. Akafukizwa mavi ya tembo, akapakwa dawa za majani. Siku ya tatu viganja vyake vilipokuwa vyeupe kama unga, ndipo baba alipokwenda kuazima baiskeli. Hospitalini wakasema malaria imekwisha kumla damu yote. Baba akatolewa damu yake, nayo ikaanza kuingia kwa mtoto. Lakini mtoto hakungoja iishe.

Tuliporudi na maiti, majirani wakasema: Mwaona? Sindano imemwua.

Wazee wangu, bibi yangu hakumchukia mtoto yule. Alimpenda kuliko sisi sote. Naye hakusema uongo. Kwa macho yake alikuwa ameona watoto wakipelekwa wamekwisha zidiwa, wakachomwa sindano, wakafa. Aliona mambo mawili yakifuatana, akadhani la kwanza ndilo lililozaa la pili. Kumbe kilichowaua ni zile siku tatu za nyumbani. Daftari la hospitali liliandika malaria. Halikuandika kwamba nyumba ile haikuwa na chandarua, wala kwamba baiskeli ilikuwa ya kuazima.

Kwa hiyo na tuzitazame sababu hizi moja moja.

Kwanza, malaria. Huyu si adui asiyepigika. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007–08, kwa kipimo cha haraka, ulikuta watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wana vimelea vya malaria. Ule wa 2011–12 ukakuta 9. Na ule wa 2022 ukakuta 8. Vyandarua vyenye dawa na dawa ya mseto vimefanya kazi kubwa. Tena sisi watu wa kusini tulitangulizwa: mwaka 2013 ugawaji wa vyandarua kwa njia ya shule ulianzia mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Lakini tazameni hesabu hizo vizuri. Kutoka 18 mpaka 9 ilikuwa miaka minne tu. Kutoka 9 mpaka 8 imekuwa miaka kumi. Adui aliyerudi nyuma na kusimama hajashindwa. Na sisi twajua chandarua kingine kiko wapi: kimezungushiwa bustani ya mchicha, au kimekuwa wavu wa kuvulia samaki, na mtoto amelala wazi.

Pili, homa ambayo si malaria. Hapa nawaomba msikilize sana, maana kosa hili si la wanakijiji peke yao. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya nchi yetu. Wagonjwa 4,474 walilazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipopimwa kwa uangalifu, waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062 tu, yaani hawakufika nusu. Na katika wale wasio na malaria, waliokufa walikuwa 12 katika kila 100, hali katika wale wenye malaria walikuwa 7. Maana yake nini? Maana yake mtu mwenye nimonia au ugonjwa mwingine akipewa dawa ya malaria, atakufa huku anatibiwa. Basi mama, mtoto akipumua mbiombio na mbavu zikiingia ndani, usinunue vidonge dukani na kulala. Mpeleke apimwe. Na chanjo za kuzuia nimonia na kuharisha kukali, zilizoanza kutolewa nchini mwaka 2013, zisimpite mtoto hata mmoja.

Tatu, uzazi. Uchunguzi wa 2015–16 ulihesabu vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukahesabu 104. Hayo ni maendeleo makubwa, na sifa yake ni ya wakunga na ya akina mama waliokubali kujifungulia kituoni. Lakini mwanamke mwenye uchungu akingoja mume arudi shambani ndipo ruhusa itoke, au akingoja mto upungue ndipo pikipiki ivuke, hesabu hizo za taifa hazitamsaidia.

Nne, maradhi ya aibu. Baba zangu mnisamehe, mimi mtoto wenu. Pwani yote na huku kwetu kusini twayajua mabusha na matende. Yanaletwa na mbu. Serikali ilianza kugawa kingatiba mwaka 2000, kuanzia kisiwa cha Mafia. Na busha hupasuliwa, mtu akarudi shambani. Mbona basi wanaume huficha chini ya msuli miaka na miaka? Ngiri nayo ni vivyo hivyo: ikishughulikiwa mapema ni kazi ndogo ya daktari, ikijisokota usiku ni kilio. Aibu haijapata kumponya mtu.

Ndugu zangu, wako watakaosema: haya ni mambo ya madaktari, Chama kinatafuta nini? Nawajibu kwa historia ya hapa hapa Nachingwea. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga. Wakang'oa msitu, wakajenga bandari Mtwara, wakalaza reli mpaka huku. Mradi ulipovunjwa mwaka 1951 zilikuwa zimezama pauni milioni 36 hivi. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fedha zile zilitafuta mafuta ya kula ya Uingereza. Na Mwalimu Nyerere alipata kukumbusha kwamba walipoondoka mwaka 1961, madaktari waliosomeshwa tuliobaki nao walikuwa 12 tu. Ndiyo sababu TANU iliwataja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mtoto wa kwetu aliuawa na wote watatu kwa siku tatu.

Lakini mkoloni ameondoka zamani. Sisi vijana hatukumwona. Hatuwezi kumsingizia chandarua kilichozungushiwa mchicha, wala daraja lililokatika miaka yote likangojewa mpaka kampeni. Kwa hiyo nasema kwa pande zote mbili.

Kwa wananchi: homa ya mtoto isilale nyumbani usiku wa pili. Kila kitongoji kiwe na mfuko wake wa dharura, uwekwe fedha wakati wa kuuza korosho na ufuta, ili masika yakifika pasiwe na mtu wa kuazima baiskeli. Na wanaume wachangie damu wakiwa wazima, kabla ya kuitwa.

Kwa viongozi, nami nikiwamo: tusije hapa kuwahubiria watu usafi hali kisima ni kimoja na kimekauka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Kazi yetu ni kuhakikisha haikai karatasini, na kwamba mama wa Mnero anaielewa na inamfaa. Kila mkutano wa tawi ufunguliwe kwa swali moja: tangu tulipokutana, nani amelazwa, na ni jambo gani tungalifanya asilazwe?

Swali hilo tukiliuliza kwa haki, siku nyingine litatuuma sisi wenyewe. Na lituume.