Maumivu ya Kiuno na Kuwaendea Mabingwa Mapema

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniagiza niseme maneno machache juu ya maumivu ya kiuno, nami nimekubali, ingawa mimi ni karani wala si daktari. Sababu ya kuchaguliwa kwangu ni moja tu. Barua zote za kuomba msaada katika Mfuko wa Wagonjwa hupita mezani pangu, na kwa kuzisoma mwaka hata mwaka nimeona jambo ambalo mwandishi wa barua moja hawezi kuliona akiwa peke yake. Barua ya homa huja siku ya pili au ya tatu. Barua ya mguu uliovunjika huja siku iyo hiyo. Lakini barua ya kiuno huja baada ya miaka, na inapofika mara nyingi ng'ombe amekwisha kuuzwa, shamba limekodishwa, na mwenye barua hawezi kuinuka kitandani ila kwa kushikwa mkono.

Nimejiuliza kwa nini iwe hivyo. Nadhani ni kwa sababu kiuno hakihesabiwi kuwa ugonjwa. Mzee akilalamika huambiwa ni umri. Kijana akilalamika huambiwa ni uvivu, au vijana wenzake hucheka kicheko cha maana nyingine, naye hunyamaza asilitaje tena. Mama aliyebeba kuni na madumu ya maji tangu utotoni, akazaa na kulea, huambiwa ndiyo kazi ya wanawake. Basi kila mmoja huumwa kimya kimya, na kwa kuwa hakuna damu wala uvimbe unaoonekana, hata watu wa nyumbani mwake huanza kumshuku.

Hao wanaoshuku na wajue kwamba Shirika la Afya Duniani lilihesabu ya kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna jambo jingine liwalemazalo watu wengi zaidi kuliko hili. Hatuwezi kuamini kwamba wote hao ni wavivu.

Sasa niseme kidogo juu ya kiuno chenyewe. Mna pingili tano kubwa za uti wa mgongo, zimepangwa moja juu ya nyingine, na baina yake mna kitu mfano wa mto mdogo, kigumu kandokando na laini katikati. Karibu nayo hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni, na pande zote kuna misuli inayovuta na kuzuia kama kamba za hema. Maumivu mengi hutokana na vitu hivi kuchoka, kukazika au kujeruhiwa kidogo. Katika watu kumi wenye kuumwa kiuno, karibu tisa hawaonekani na ugonjwa mwingine ulio nyuma yake, na wengi wao hupata nafuu katika majuma sita. Maumivu yakipita miezi mitatu, madaktari huyaita ya kudumu, na hapo haifai mtu kuendelea kungoja.

Lakini nawasihi msimsahau yule wa kumi. Huyo hatakiwi kungoja hata miezi mitatu.

Mtu mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, aende kupimwa mara moja. Kifua kikuu hakikai mapafuni peke yake. Huweza kuingia katika pingili za mgongo, kikazila mpaka zikaporomoka, na mtu akapata kibyongo au akapooza miguu. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1779, wakati ambapo hapakuwa na dawa yake. Leo dawa ipo, na katika hospitali za serikali yetu hutolewa bure, ila ni ya miezi mingi na sharti imalizwe. Kadhalika wale ndugu zetu wafugao, na wale wapendao maziwa mabichi, wajue kwamba brusela nayo huleta homa inayokwenda na kurudi pamoja na maumivu ya kiuno na viungo. Hiyo pia hupimwa kwa damu na ina dawa yake.

Ishara nyingine ni mguu kulegea, au ganzi sehemu zile zinazokaa juu ya tandiko la farasi, au mkojo kuzuilika au kutoka bila mtu kujua. Akipatwa na hayo, mtu asingoje mapambazuko. Mishipa imebanwa, na saa chache zinaweza kuwa tofauti baina ya kutembea na kutotembea tena.

Hapa, kwa idhini ya Mwenyekiti, nataka kusema na wazee wanaume. Maumivu ya kiuno yanayoanza katika uzee, yanayozidi usiku, yasiyopungua mtu akilala, pengine chanzo chake ni saratani ya tezi kibofu iliyokwisha kufika katika mifupa. Pengine mzee huyo alikuwa akiamka mara nne usiku kwenda haja ndogo tangu miaka miwili iliyopita, akaona haya kusema. Najua shida iliyopo. Daktari aliyeko hospitalini ana umri wa mjukuu wake, labda ni msichana, naye anataka kuuliza habari ambazo mzee hajapata kuzizungumza hata na ndugu yake. Lakini mtoto huyo amefundishwa kazi hiyo na ameapa kutunza siri. Na mzee asiyependa kuchunguzwa kwa mkono aweza kuanza kwa kupimwa damu. Sioni kwamba heshima ya mzee inapungua kwa kupimwa. Naona inapungua zaidi anapogeuzwa kitandani na wakwe.

Nikirudi kwa wale tisa, shida yao kubwa ni kwamba wanatafuta msaada mahali pasipofaa, na fedha zao hupotea huko. Barua nyingi nilizosoma zina hadithi moja. Mtu alikwenda kwenye duka la dawa, akapigwa sindano, akapata nafuu siku tatu; akarudi, akapigwa nyingine; na hivyo kwa mwaka mzima. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zina kazi yake, kwa siku chache na kwa kipimo kilichotolewa na mwenye elimu. Zikitumiwa miezi mingi bila uangalizi huweza kutoboa tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Mwanachama mmoja, ambaye hapendi jina lake litajwe, alilazwa kwa kutapika damu. Mgongo wake ulikuwa vile vile.

Wengine huuza mtamba ili wapigwe picha ya mashine kubwa mjini, na wanapoonyeshwa kwamba mito ya pingili zao imechakaa hurudi wamekata tamaa, wakidhani mgongo umekwisha. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu wasioumwa hata kidogo, na uchakavu huo ulionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni kama mvi. Picha inafaa pale daktari anapoitaka kwa kuona mojawapo ya ishara nilizozitaja, si kwa kila mwenye maumivu.

Zamani, hata hospitalini, mgonjwa wa kiuno aliamriwa kulala chali majuma kadhaa. Mafundisho hayo yameachwa, kwa maana misuli isiyotumika hudhoofika, na kiuno hubaki bila kamba zake. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2023 unahimiza mgonjwa aelezwe ugonjwa wake na afundishwe mazoezi, wala haukusifu mikanda ya kufunga kiunoni na mashine za kuvuta mgongo zinazouzwa kwa bei kubwa. Kukandwa kumo miongoni mwa mambo yanayoweza kusaidia, na kwa hiyo sitaki kuwadharau wakandaji wetu. Neno langu kwao ni kwamba wasimkanyage wala kumkunja mtu ambaye hajapimwa, kwa sababu mfupa ulioliwa na kifua kikuu au saratani huvunjika kama mhindi mkavu. Na wembe wa chale usipite kutoka mtu mmoja hadi mwingine.

Bingwa ninayetaka mumjue ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Yuko katika hospitali nyingi za kaunti, na wengi wao walifundishwa katika vyuo vya utabibu vya hapa hapa Kenya. Watu wengi hawamwendei kwa kuwa hatoi chupa wala sindano. Atakuuliza maumivu yalianza lini, yanashuka mguuni au hayashuki, unafanya kazi gani, unalala vipi, una wasiwasi gani nyumbani, kwa maana huzuni na kukosa usingizi huzidisha maumivu. Atakutazama ukitembea na kuinama. Utalala chali naye atauinua mguu wako ulionyooka, atapima nguvu za vidole, atagonga goti kwa nyundo ndogo. Kisha atakufundisha mazoezi, na atakuambia utembee kila siku, kwanza mwendo mfupi, halafu uongeze.

Mzee wetu mmoja alirudi kutoka huko amekasirika sana. Alisema amelipa nauli ya kwenda na kurudi ili kijana amlaze sakafuni na kumwamuru ainue makalio kama mtoto mchanga. Nilicheka, naye alinikemea, na alikuwa na haki. Lakini mkewe alimsimamia afanye mazoezi yale kila asubuhi kabla ya chai, na baada ya majuma kumi hivi alikuja mwenyewe ofisini kwa miguu kulipa ada yake. Anasema bado anaumwa. Ila sasa anapalilia shamba lake nusu siku, jambo ambalo hakuliweza miaka minne. Msitarajie zaidi ya hayo, wala msiyaone madogo. Asiyefanya mazoezi nyumbani asimlaumu bingwa.

Mtu anayekwenda na achukue karatasi iliyoandikwa tarehe maumivu yalipoanza na dawa zote alizotumia, pamoja na mitishamba. Asifiche. Na atazame cheti cha leseni ukutani, kwa maana sheria ya mwaka 2014 iliunda baraza la kuwaandikisha wataalamu hawa, na asiye na leseni hana ruhusa ya kutibu. Tena, tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua mahali pa bima ya zamani ya NHIF. Ambaye hajajiandikisha aje nimsaidie. Kwa wapakiaji wetu wa sokoni, kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, na mwenye kuwabebesha zaidi anavunja kanuni. Aliyeumia mgongo kazini amwarifu mwajiri mara moja, na habari hiyo iandikwe, kwa sababu ni vigumu kudai haki kwa sheria ya fidia ya mwaka 2007 bila maandishi.

Bwana Mwenyekiti, nimefika kwenye jambo lililonileta. Kwa kanuni zetu za sasa Mfuko wa Wagonjwa hulipa mwanachama akilazwa, au huwalipa jamaa zake akifa. Mtu wa kiuno halazwi. Kwa hiyo kanuni yetu humwambia angoje mpaka figo ziharibike au miguu ipooze, ndipo tumpe fedha, na fedha hizo huwa nyingi kuliko nauli za mwaka mzima. Halmashauri imeniruhusu nipendekeze kwamba Mfuko ulipe nauli na ada ya safari sita za kwanza kwa mtaalamu wa tiba ya viungo mwenye leseni, kwa kila mwanachama aliyeumwa zaidi ya miezi mitatu na kuleta barua ya zahanati. Aonyeshe stakabadhi za kila safari. Mwenye ishara za hatari alipiwe gari la kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na barua ije baadaye.

Najua hofu iliyopo, ya kwamba kila mmoja wetu ataamka kesho na maumivu ya kiuno. Yamkini wachache watajaribu. Lakini mtu atakayesafiri mara sita kwenda kulazwa sakafuni na kuinua makalio ili apate nauli aliyokwisha kuitumia, mimi nitamwandikia hundi bila kinyongo.

Pendekezo limepigwa chapa katika karatasi ya ajenda mliyo nayo mikononi. Mweka Hazina, ambaye halipendi, ameomba aseme kabla ya kura. Nampisha.