Mnarudi Lini?



Wapendwa wasikilizaji, tunawasalimu ninyi nyote mnaotusikiliza asubuhi hii: mlioko majumbani na hospitalini, na ninyi wavuvi mliokwisha kuvuta mitumbwi yenu pwani. Kwa namna ya pekee tunawasalimu wazee wetu, kwa kuwa Jumapili hii ni yao. Tangu mwaka 2021, kwa uamuzi wa hayati Papa Fransisko, Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee kila Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai, jirani na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna.

Tumtazame Anna mwingine, yule nabii ambaye habari zake tunazisoma katika Injili ya Luka, sura ya pili. Alikuwa mjane mwenye miaka 84. Hatusikii habari za watoto wake. Makao yake yalikuwa hekalu. Luka hatuelezi Anna alikula nini, wala nani alimfulia nguo. Anatueleza kazi yake: kusali na kufunga usiku na mchana, na siku ile Mtoto Yesu alipoletwa, kumshukuru Mungu na kuwapasha habari wote waliokuwa wakiungojea ukombozi. Mwanamke mzee, asiye na jamaa wa kumtegemeza, alikuwa na wadhifa katika nyumba ya Mungu.

Wengi wenu mnaijua Bukumbi, katika Wilaya ya Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza. Huko Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni mwaka 1883, na huko pia yapo makazi ya Serikali ya wazee na wasiojiweza, wakiwamo walioachiwa ulemavu na ugonjwa wa ukoma. Makazi ya namna hiyo yapo Kolandoto, Shinyanga, na kwingineko nchini. Majira ya Kwaresima na Noeli, vyama vyetu vya kitume hukodi gari, hubeba sukari na sabuni, na kwenda kuwaona wazee. Ni tendo jema la huruma. Lakini leo tunataka kuungama mbele yenu kosa moja.

Miaka kadhaa iliyopita tulifuatana na waamini kuzuru nyumba moja ya wazee katika kanda hii. Hatutaitaja, kwa sababu kosa halikuwa la nyumba ile, bali letu. Tulipofika tuliwakuta wazee katika shughuli zao. Mzee mmoja alikuwa akishona wavu uliochanika. Wawili walikuwa wamezama katika bao, na wa tatu akiwacheka wote wawili. Bibi asiyeona alikuwa akipukuchua mahindi kwa vidole vyake, na mama mwingine akisuka mkeka wa ukindu. Nasi tulifanya nini? Tuliomba shughuli zote zisimamishwe. Wazee wakapangwa kwenye mabenchi, kwaya ikaimba, hotuba ikasomwa, zawadi zikagawiwa, picha zikapigwa. Saa moja na nusu, tukawa tumemaliza.

Tulipokuwa tukiaga, mama yule msukaji, ukindu wake ukiwa bado mapajani, alituuliza: “Baba Padri, mnarudi lini?” Tulimjibu kama watu wanavyojibu: “Mungu akipenda, Mama.” Tulirudi baada ya miezi kumi na minne, naye alikuwa amekwisha kuzikwa. Wenzake walitueleza kwamba mkeka ule alikuwa akiusuka kwa ajili ya kanisa la kigango kilicho jirani, utandikwe mbele ya altare. Aliumaliza, akakosa wa kumpelekea. Tulikwenda kwake tukiwa na mikono iliyojaa, na kwa sababu ilijaa, haikuweza kupokea.

Ndugu wapendwa, umaskini wa mzee si njaa peke yake. Upo umaskini wa kutohitajiwa na mtu yeyote. Zamani, katika miji ya Wasukuma, wazee waliketi jioni penye moto wa shikome, na vijana wakafundishwa hapo mila, historia na adabu. Mzee alikota moto kama wengine, lakini hakuwa mgeni pale. Moto ule ulikuwa shule yake. Anayemwondolea mzee kazi ya kufundisha, kushauri, kusuka na kusali, hata kama anampa wali kila siku, amemzika kabla ya wakati.

Tuseme pia neno gumu. Baadhi ya bibi zetu hawana mahali pa salama pa kuishi kwa sababu wanaogopwa. Kwa miongo mingi, huku Usukumani, wanawake wazee wamesingiziwa uchawi, wakafukuzwa, na wengine wakauawa kwa mapanga, eti kwa kuwa macho yao ni mekundu. Macho hayo yamefanywa mekundu na nini? Na moshi! Mama amepika miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni mbichi na samadi ya ng’ombe. Wekundu ule ni alama ya ugali tuliokula sisi. Nasi tunaigeuza alama ya upendo wake kuwa hati ya mashtaka! Mkristo anayekwenda kwa mpiga ramli ili atajiwe bibi wa kulaumiwa, asidanganyike: anashiriki damu ya mtu asiye na hatia.

Mwaka 1839, huko Saint-Servan nchini Ufaransa, Mtakatifu Jeanne Jugan alimpokea mjane kipofu, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Hivyo ndivyo lilivyoanza shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambao hata hapa Afrika Mashariki wana nyumba ya wazee jijini Nairobi. Jeanne alizunguka na kikapu, akiwaombea wazee wake riziki. Lakini hakuwafanya watu wa kuketi tu: waliokuwa na nguvu walisokota sufu na kitani, wakachangia riziki ya nyumba yao. Alijua kwamba mkono unaotoa, hata kidogo, hudumisha heshima ya mwenye mkono huo.

Kwa hiyo, ninyi makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya imjue mzee mmoja kwa jina lake, awe katika makazi au kijijini, na imtembelee kila mwezi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe ilitambua kwamba familia na jamii ndizo zenye wajibu wa kwanza wa kuwatunza wazee. Pili, msiende kwake bila kumwomba kitu. Mwombeni awasalie wagonjwa wenu kwa majina. Wapelekeni watoto wa Komunyo ya kwanza wakasikie jinsi imani ilivyoingia kijijini kwao. Atakachosuka, kipokeeni, mkitumie. Tatu, uvumi ukianza juu ya bibi wa jirani, msinyamaze. Simameni mlangoni pake, mwapashe habari viongozi wa kijiji. Kisha toboeni dirisha katika jiko la mama zenu.

Msalabani Bwana wetu alimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, naye akamchukua nyumbani kwake. Matendo ya Mitume yanatuonyesha kwamba Maria hakuwekwa pembeni huko. Tunamkuta katikati ya Mitume, akisali pamoja nao, wakimngoja Roho Mtakatifu.

Swali la mama yule bado linatudai jibu: “Mnarudi lini?” Wiki hii, kila mmoja wetu amjibu mzee mmoja kwa kutaja siku, na siku hiyo ikifika, aende.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.